Macho Hayana Pazia, Lakini Kamera Ina Mwenyewe

Kwa wakuu wa studio zinazotengeneza filamu za mashujaa, kwa watayarishaji na waongozaji mnaowaajiri, na kwa yule mtu wa idara ya masoko ambaye jina lake hatulijui lakini ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bango.

Waheshimiwa,

Siwaandikii kama adui wa kazi yenu. Filamu zenu nazitazama, nyingine zaidi ya mara moja, na huwa sinyanyuki kitini mpaka majina yote yaishe kupita, maana nawajua kwa kuficha kipande cha mwisho. Nawaandikia kuhusu jambo moja tu: namna kamera zenu zinavyomtazama mwanamke.

Najua lalamiko hili mmelisikia mpaka mmelizoea, na majibu yenu nasi tumeyazoea. Eti vitabu vya katuni ndivyo vilivyowachora hivyo tangu zamani. Eti mashabiki ndicho wanachokitaka. Eti mbona hata wanaume mnawavua mashati. Na majibu yakiisha, hakosi mtu wa kusema macho hayana pazia. Sawa, hayana. Lakini kamera ina mwenyewe. Kuna mtu aliyeamua iwekwe wapi, imulike kiungo gani, ikae hapo kwa sekunde ngapi. Na kuna mwingine aliyekaa kwenye chumba cha uhariri akasema kipande hiki kibaki. Watu hao mnawalipa nyinyi.

Tena hatuhitaji kubishana kwa nadharia, kwa sababu ushahidi mmetuletea wenyewe bila kukusudia. Mara kadhaa mmemchukua mhusika yuleyule, mwigizaji yuleyule, mkamkabidhi kwa mwongozaji mmoja, kisha mkamkabidhi kwa mwingine, halafu mkatuuzia tiketi za filamu zote mbili. Mwili haukubadilika. Kilichobadilika ni jicho.

Chukueni Harley Quinn, yule mhalifu wa katuni aliyerukwa akili. Mwaka 2016, katika Suicide Squad, Margot Robbie alivishwa kikaptura kilichobakiza kidogo kuwa chupi, na fulana yenye maandishi ya kumwita kijizimwi cha baba. Ipo sehemu anavaa nguo zake hadharani mbele ya kundi zima la wanajeshi na wafungwa. Wanaume wanasimama, wanamkodolea, na kamera inampanda taratibu kana kwamba nayo imeajiriwa katika kikosi kile. Sisi tunatakiwa tucheke.

Miaka 4 baadaye ikaja Birds of Prey. Robbie ni yuleyule. Kaptura bado fupi, rangi bado zinapiga kelele, akili bado imeruka. Ila mwongozaji sasa ni Cathy Yan, hadithi imeandikwa na Christina Hodson, na Robbie mwenyewe ni mmoja wa watayarishaji. Basi kitu kinachotamaniwa kuliko vyote katika filamu ile, kinachopigwa picha kwa karibu, kwa mwanga mzuri, pole pole mpaka mate yanakudondoka, ni sandwichi ya yai. Na katikati ya pambano, ngumi zinaruka kila upande, Harley anamwona mwenzake Black Canary nywele zinamsumbua usoni, anampa kibanio. Tukio la sekunde chache. Lakini nilipoliona nilijua kwamba safari hii, kwenye chumba kilimoandikwa hadithi, alikuwemo mtu aliyewahi kupigana na nywele zake mwenyewe.

Naomba msinielewe vibaya hapa, maana ndipo barua za namna hii hupotoshwa. Simwombei Harley baibui. Sina ugomvi na paja, wala bega, wala na mwanamke anayejijua kuwa mzuri na akafurahia. Urefu wa kaptura ya 2016 na ya 2020 hautofautiani kiasi cha kuandikiwa barua. Katika filamu ya kwanza tumewekwa nje ya mwanamke yule, tumezungushwa mwilini mwake kama wanunuzi. Katika ya pili tumewekwa ndani ya kichwa chake, na humo kuna njaa, hasira, uchungu wa kuachwa, na mapenzi ya kweli kwa yai.

Mfano wa pili ni wa mwaka mmoja. Juni 2017 ilitoka Wonder Woman ya Patty Jenkins. Wanawake wa Themyscira, kisiwa cha wapiganaji wanawake alikotoka shujaa huyo, wana mapaja wazi na mikono wazi, lakini kifua na tumbo vimezibwa kwa deraya. Mbunifu wa mavazi, Lindy Hemming, aliwavisha kama watu wanaotegemea kurushiwa mishale. Novemba mwaka huohuo ikatoka Justice League. Kisiwa kilekile, jeshi lilelile, na baadhi ya askari sasa wako tumbo wazi, ngozi imezungushwa kifuani na nyongani basi. Sijui kulitokea uhaba gani wa ngozi katika ile miezi 5. Wapo waigizaji waliosema hawakuona tatizo na mavazi yale, nami sina neno nao. Swali langu nalipeleka kwa aliyekaa na michoro mezani akaiidhinisha: huyu anakwenda vitani, sasa tumbo lake umeliacha wazi ili limsaidie nani?

Katika filamu hiyohiyo mna kile kichekesho cha Flash, shujaa mwenye mbio, kumwangukia Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, uso na kifua vikakutana. Tulishakiona. Miaka 2 nyuma, kwenye Avengers: Age of Ultron, alikuwa Bruce Banner, ndiye Hulk, akimwangukia jasusi Natasha, mwangukio uleule. Mwongozaji wa filamu ile ya 2015, Joss Whedon, ndiye aliyeitwa kuimalizia hii ya 2017. Halafu mwaka 2021 likatolewa toleo la Zack Snyder, mwongozaji aliyeianza filamu hiyo, lenye urefu wa saa 4, na mwangukio huo haumo. Saa 4 nzima! Filamu iliyopata nafasi ya kuingiza kila kitu haikuona pengo.

Natasha Romanoff, aitwaye Black Widow, ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi, kwa sababu alikaa nasi zaidi ya miaka 10 na tunaweza kumfuatilia kama mtu anayefuatilia faili.

Anaingia mwaka 2010, Iron Man 2, kwa jina la kughushi, katibu mpya ofisini. Tony Stark, ndiye Iron Man, anatafuta habari zake kwenye kompyuta na kinachotokea ni picha zake akiwa na nguo za ndani. Anamtazama, halafu anasema anamtaka mmoja kama yule, kwa lugha ambayo mtu huitumia akiona gari. Baadaye Natasha anabadilisha nguo kwenye kiti cha nyuma, na dereva, Happy Hogan, anamchungulia kwenye kioo mpaka nusura agonge. Mwanamke huyo, nawakumbusha, ni jasusi aliye njiani kwenda kuvamia jengo lenye walinzi wenye silaha.

Mwaka 1975 Laura Mulvey, Mwingereza, alichapisha makala katika jarida la Screen akieleza jambo ambalo tukio la kile kioo linalifundisha kwa sekunde 10. Alisema katika sinema ya kawaida kuna kutazama kwa aina tatu: kamera inatazama kinachotokea, mtazamaji anatazama skrini, na wahusika wanatazamana. Ufundi wa zamani wa Hollywood ulikuwa kuzificha zile mbili za kwanza nyuma ya hii ya tatu. Happy anachungulia, kwa hiyo kamera ina kisingizio cha kuchungulia, kwa hiyo nami niliyelipa nachungulia, na hakuna kati yetu mwenye hatia kwa sababu kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mwanamume ndiye anayetenda na kutazama. Mwanamke yupo ili atazamwe, na akishaanza kutazamwa hadithi inasimama kumsubiri. Makala ile ina miaka mingi kuliko waongozaji wengi mlio nao. Inasomwa katika vyuo walikosoma. Hamwezi kusema hamkujua.

Tuendelee na faili. Mwaka 2012, bango la The Avengers: wanaume wamesimama wakitazama mbele, vifua mbele, silaha tayari. Natasha amejipinda ili tuone kalio na uso kwa pamoja, mkao ambao ukijaribu nyumbani utahitaji kukandwa mgongo. Ndipo mchoraji mmoja akafanya jambo la akili sana: akalichora bango upya, akawapinda wanaume wote vile. Captain America, Thor, Hulk, wote wamebinua. Watu walicheka mpaka machozi. Hebu jiulizeni walichokicheka. Mkao haukuwa mpya, ulikuwa umetundikwa kila mahali kwa miezi na hakuna aliyecheka.

Kisha 2015. Katika ile filamu ya mwangukio, pikipiki ya Natasha inadondoshwa kutoka kwenye ndege yeye akiwa juu yake, moja ya vipande vizuri vya mapigano mlivyowahi kutengeneza. Vitu vya kuchezea vilipotoka, aliyekaa kwenye pikipiki ile alikuwa mwanamume. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Mark Ruffalo, anayeigiza Hulk, aliandika hadharani kuiomba Marvel itoe bidhaa zaidi za Black Widow kwa ajili ya binti zake na wapwa zake. Mwaka uliofuata Shane Black, mwongozaji wa Iron Man 3, akasimulia kwamba adui mkuu wa filamu yake alikuwa awe mwanamke, akabadilishwa kuwa mwanamume kwa sababu kulikuwa na wasiwasi kwamba sanamu ya mwanamke haitauzika.

Hapa ndipo hesabu zenu zinaponishinda. Mwili wa mwanamke unauza bango, unauza trela, unauza jalada la gazeti. Lakini anapotakiwa kuwa sanamu ndogo ambayo mtoto ataishika mkononi aseme "mimi ni huyu", ghafla hauzi. Kutazamwa aweza, kuwa yeye hakuna anayetaka. Na dhana hiyo hamkuikuta sokoni, mliipeleka sokoni nyinyi, kisha mkaja kutuonyesha mauzo kama ushahidi.

Filamu yake mwenyewe Natasha aliipata mwaka 2021, chini ya Cate Shortland, wakati mhusika ameshakufa katika filamu iliyotangulia. Humo mdogo wake Yelena anamcheka kwa lile pozi lake la kutua chini na kurusha nywele nyuma, anamuuliza kwa nini hufanya vile kila mara, anamwita mpiga pozi. Utani mzuri, na ulichelewa. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka huohuo, mwigizaji wake, Scarlett Johansson, alisema wazi kwamba katika Iron Man 2 mhusika wake alizungumzwa kama kitu, kama mali ya mtu. Aliyeyasema hayo si mchambuzi aliyekaa pembeni, ni mwenye mwili uliokuwa ukipigwa picha.

Na waigizaji wenu wamekuwa wakisema kwa upole kwa muda mrefu. Elizabeth Olsen, mwaka 2018, aliulizwa angebadilisha nini katika vazi la Wanda, mchawi anayemwigiza, akajibu kwamba angependa lisiwe koseti inayoonyesha kifua, akitaja kwamba wenzake wote wamefunikwa. Evangeline Lilly, anayeigiza Wasp, alisema kwamba wanaume walilalamika juu ya mavazi yao yasiyo na raha, naye akashangaa, maana yeye alishazoea kwamba kutokuwa na raha ni sehemu ya mavazi ya mwanamke. Wanda alibadilishiwa vazi mwishoni mwa mfululizo wa televisheni wa WandaVision, mwaka 2021, na hakupungukiwa nguvu hata chembe.

Sasa nije kwenye majibu yenu.

La vitabu vya katuni silichukulii kwa uzito. Nyinyi hubadilisha kila kitu: mnawafufua wafu, mnahamisha sayari, mnafuta nusu ya viumbe vyote na kuwarudisha. Mpasuo wa kifua tu ndio andiko takatifu lisiloguswa? Isitoshe, kanuni ambayo wachapishaji wa katuni wa Marekani walijiwekea wenyewe mwaka 1954 ilisema wanawake wachorwe kwa uhalisia, bila kutiwa chumvi kwenye viungo vyao. Kanuni ile ilikuwa na mabaya mengi na sitamani irudi, lakini inaonyesha kwamba hata wenye biashara walijua zamani kwamba kuna chumvi.

La mashati ya wanaume lina ukweli ndani yake, na nalijibu kwa heshima. Ni kweli mnawavua. Hugh Jackman, anayeigiza Wolverine, amesimulia alivyokuwa akijinyima maji kabla ya kupigwa picha kifua wazi ili misuli ichomoze, na ukatili huo unastahili barua yake. Lakini angalieni picha inayotokea. Kifua cha Thor kinasema: huyu anaweza. Misuli ni nguvu zake, na nguvu ndizo zinazoendesha hadithi. Kijana anayetazama anatamani kuwa yeye. Mnapompiga picha mwanamke kwa nyuma na chini, akitembea, kalio likijaza skrini, picha hiyo haisemi anaweza nini. Inasema yupo. Mara nyingi hata kichwa kimekatwa nje ya fremu.

La mashabiki ni la pesa, basi tuzungumze pesa. Mwaka 2004 mlitupa Catwoman: Halle Berry, mwenye Oscar, amevishwa sidiria na mikanda ya ngozi iliyochanika, akipambana na kampuni ya vipodozi. Ikaanguka. Mwaka uliofuata Elektra ikaanguka. Agosti 2014, Ike Perlmutter, aliyekuwa mkuu wa Marvel Entertainment, alimwandikia mwenzake wa Sony barua pepe fupi akiorodhesha filamu za mashujaa wa kike zilizoanguka, hizo mbili zikiwemo pamoja na Supergirl. Barua ilivuja. Ilisomeka kama kwamba wanawake ndio walioanguka. Hakuna aliyeandika orodha ya filamu mbovu za wanaume akahitimisha kwamba wanaume wasipewe tena filamu; steringi wa kiume akianguka leo, kesho anaanza upya na mwigizaji mwingine.

Kisha Wonder Woman ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Tukio ambalo watu wengi wanalikumbuka ni lile la Diana kutoka kwenye handaki na kuvuka uwanja wa risasi peke yake. Jenkins alieleza kwamba ilimbidi alitetee, kwa sababu baadhi ya watu hawakuelewa lina maana gani, adui haonekani, anapigana na risasi tu. Yeye alijua: ndipo anapokuwa Wonder Woman. Kamera inakwenda kwenye ngao, kwenye buti, kwenye macho yake. Miaka 2 baadaye Captain Marvel ikapita dola bilioni 1, baada ya trela yake kupokelewa na watu waliolalamika kwamba mwigizaji wake, Brie Larson, hatabasamu. Alijibu kwa kusambaza mabango ya wenzake wa kiume yaliyobandikwa tabasamu.

Sisemi kila filamu ya mwanamke iliyopigwa vizuri italeta faida. The Marvels ya 2023 iliingiza karibu dola milioni 206, kiasi kidogo kuliko filamu yoyote ya mfululizo ule wa Marvel, na nina hofu hivi sasa kuna mtu anaandika orodha nyingine. Mkatalieni.

Nisisahau bango la X-Men: Apocalypse, mwaka 2016. Mystique, mhusika wa kike, amekabwa koo na mwanamume mkubwa, na maandishi yanasema wenye nguvu tu ndio watakaobaki. Mlilitundika mabarabarani. Mlipolalamikiwa mliomba radhi, na tulishukuru. Lakini bango kama lile hupita mikono mingi kabla halijafika barabarani, na katika mikono yote hiyo hakuna uliosita. Ndiyo maana sitosheki mnaponiambia mmeajiri mwongozaji mwanamke. Mwongozaji ni mmoja. Kuna mpiga picha, mhariri, mbunifu wa mavazi, mwandishi, mchora mabango, mtu wa vitu vya kuchezea. Jicho linapita kwa wote hao. Black Panther iliongozwa na mwanamume, Ryan Coogler. Kamera ilikuwa kwa Rachel Morrison na mavazi kwa Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa kazi ile. Dora Milaje, askari wa kike wanaomlinda mfalme, wanasimama pale na mikuki, vichwa vimenyolewa, wamevaa deraya kutoka shingoni hadi miguuni, nasi hatuwezi kuwaondolea macho. Kwa hiyo tatizo halikuwa kutazama.

Ninachoomba ni vitu vya karatasi, vya kuingia kwenye mikataba. Mwigizaji aone mchoro wa vazi lake kabla halijashonwa, na akilikataa isihesabiwe kuwa ni usumbufu. Aambiwe kamera itakuwa wapi katika tukio la kuvua au kuanguka, hata kama ni la kuchekesha. Hasa kama ni la kuchekesha. Chumba cha uhariri kiwe na mwanamke mwenye mamlaka ya kukata, si wa kuombwa maoni. Idara ya vitu vya kuchezea isikae kwenye kikao cha kuamua adui ni nani.

Na bango lijalo likiletwa mezani, kabla hamjalitia saini, mwambieni mchoraji ampinde Captain America vilevile kwanza. Chumba kikicheka, lirudisheni.

Wenu,
Mtazamaji anayelipa